Mswada unaogusa dini: nani akusimamie? Ulinganisho kwa waandishi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Tangu Aprili 2023, miili ya waumini wa dhehebu moja ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, miswada kuhusu dini iliyopotoka imezidi kupita mikononi mwetu. Kuna riwaya, kuna tawasifu za watu waliolelewa katika madhehebu yanayokataza hospitali, kuna mashairi. Waandishi wake wanatoka Ahero, Mumias, Kimilili, Njoro, Rongo. Wengi wao wanajua kuandika vizuri kuliko mimi. Wanachouliza ni kingine: kitabu hiki kikitoka, nani atasimama nami?

Swali hilo lina uzito wa pekee huku kwetu. Magharibi ni nchi ya makanisa yaliyoanzishwa na wenyeji wenyewe: Legio Maria ya Simeo Ondeto, African Israel Nineveh ambayo Daudi Zakayo Kivuli aliianzisha mwaka 1942, Nomiya, makanisa ya Roho. Uislamu wa Mumias una mizizi tangu zama za Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Kisumu ina Wahindu, Masingasinga na Waismailia waliozaliwa hapo na wazazi waliozaliwa hapo. Karibu kila ukoo una shangazi au mjomba katika dhehebu ambalo wengine hawalielewi. Kwa hiyo anayeandika kuhusu itikadi kali huku hamwandiki mtu wa mbali. Anamwandika jirani, na jirani atasoma.

Tena mambo mawili huchanganywa kila siku, nayo ni lila na fila. Kuna itikadi kali, na kuna kuwa wachache. Serikali ya mkoloni iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1948, mwaka uleule polisi walipowafyatulia risasi waumini wake kule Malakisi. Elijah Masinde, mwanzilishi wake, alifungwa na mkoloni, na baada ya uhuru akafungwa tena. Mei 2023, mwezi mmoja tu baada ya Shakahola, polisi wa Bungoma walimzuilia Eliud Wekesa, ambaye nchi nzima inamjua kama Yesu wa Tongaren, kisha akaachiliwa baada ya siku chache kwa kukosekana ushahidi wa kumshtaki. Lakini Aprili 2025, polisi walipoingia katika boma la kanisa moja kule Opapo, karibu na Rongo, waliwakuta watu 57 wakiishi humo, na miili ya watu ilikuwa imezikwa ndani ya boma. Mwandishi anayeshindwa kutofautisha Tongaren na Opapo atawaumiza watu wasio na hatia, na anayeogopa kuandika kabisa atawaacha wa Opapo wafie ndani. Msaada unaofaa ni ule unaomsaidia kuiona tofauti hiyo mapema, mswada ungali mswada.

Ndiyo maana nalinganisha kila aina ya msaada kwa maswali matatu. Unapata nini kabla kitabu hakijatoka? Siku ya vitisho, nani anapokea simu? Na unalipa nini, kwa sababu hakuna msaada wa bure?

Kikundi cha waandishi wenzako

Hapa ndipo ningeanzia, na ndipo nitakaa zaidi.

Vikundi vya waandishi hukutana katika maktaba, katika darasa la chuo Jumamosi lisipotumika, au kwenye ukumbi wa kanisa lisilo na wasiwasi na vitabu. Maktaba za Kisumu, Nakuru na Kakamega, na jamii za Kiswahili katika vyuo kama Maseno, Masinde Muliro na Egerton, ni mahali pazuri pa kuulizia. Wachache wana cheti cha usajili. Wengi ni watu saba au wanane na kundi la WhatsApp.

Wanachokupa ni kitu ambacho hakuna wakili wala mhariri wa Nairobi anayeweza kukupa: macho ya watu wa hapahapa. Nilishuhudia jambo hili Kisumu. Mwandishi alileta sura kuhusu msichana aliyetoroka dhehebu fulani akiwa na miaka kumi na sita. Jina alikuwa amelibadilisha, kijiji pia. Lakini aliacha kwamba baba yake ni fundi wa mashua anayetumia mkono wa kushoto, na kwamba mashua zake zote hupakwa mstari wa buluu chini ya ukingo. Kwake ilikuwa picha nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Mama mmoja kikundini, muuza omena, aliandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: "Huyu namjua. Na wao watamjua." Hakukuwa na mjadala mrefu. Baba akageuzwa mwenye posho mill, ziwa likaondolewa katika sura nzima, na miaka ya msichana ikasogezwa. Aliyetoroka bado ana wadogo zake ndani ya dhehebu lile. Kosa hilo lingepita kwa mhariri yeyote asiyejua ufuo huo.

Kwa anayeandika kuhusu itikadi kali, huo ndio ulinzi wa kwanza, tena unakuja kwa wakati wake. Aidha kikundi hukuambia pale unapotia chumvi. Aliyelelewa katika Legio Maria atakushika mkono ukianza kuandika kanzu na rozari zao kana kwamba vazi ni dalili ya hatari. Aliyesilimu atakuonyesha kwamba maneno uliyomwekea imamu wako wa kubuni hakuna imamu anayeyasema.

Ila kikundi kina udhaifu wake, nao si mdogo. Hakina pesa. Siku polisi au wafuasi wa mchungaji wakikuulizia, wanakikundi wenye watoto na kazi za serikali watarudi nyuma, na hakuna haki ya kuwalaumu. La hatari zaidi ni kuvuja. Mswada uliotumwa kama faili kwenye simu huweza kufika kwa mtu unayemwandika kabla wiki haijaisha, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Sura nyeti zisomwe kwenye karatasi, nakala zihesabiwe, zikusanywe kikao kikiisha. Inaonekana kama kutoaminiana, lakini kikundi kinachoelewa kazi hii hakitakasirika.

Nakuru ina hitaji lake la ziada. Mji ule umekusanya watu wa kila kabila, na kumbukumbu ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 bado iko karibu. Kikundi cha watu wa kanisa moja au lugha moja kitasoma mswada wako kwa jicho moja. Ikiwa chaguo lako ni kati ya kikundi kikubwa cha watu wanaofanana na kikundi kidogo chenye Mwislamu, Mprotestanti, Mkatoliki na mtu asiyeenda popote, chukua hicho kidogo.

Viongozi wa dini na mabaraza yao

Hili ni chaguo ambalo watu hulikimbilia, kwa kuwa viongozi wa dini wana ukumbi, wana waumini, na wana sauti ambayo chifu huisikia. Kitaifa kuna Baraza la Dini Mbalimbali la Kenya, kuna NCCK, baraza la makanisa, kwa Waprotestanti, kuna SUPKEM, baraza kuu la Waislamu, tangu 1973, kuna maaskofu Wakatoliki. Kaunti nyingi nazo zina vikao vya viongozi wa dini mbalimbali, hasa majira ya uchaguzi.

Siku ya vitisho, msaada wao unaweza kuwa wa haraka kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mchungaji anayejua mchungaji mwenzake hupiga simu moja na moto ukapungua. Imamu akisema baada ya sala ya Ijumaa kwamba kitabu amekisoma na hakimtukani Mtume, uvumi unakosa miguu. Wakili hawezi kufanya hivyo, na kikundi cha waandishi hakiwezi.

Sasa bei yake. Baadhi ya viongozi watataka wasome mswada na kuupitisha, na hapo ndipo penye shida. Kwanza, watalinda taasisi. Ukiandika kwamba mhubiri wako mkali alianza kama kijana wa kwaya katika kanisa kubwa na hakuna mkubwa aliyemuuliza kitu, ukurasa huo utaombwa uondoke. Pili, na hili linaniuma zaidi, neno "dhehebu potofu" kwa wengine wao humaanisha tu dhehebu lililowanyang'anya waumini. Nimesikia Waahmadiyya, Mashahidi wa Yehova na makanisa ya Roho wakitajwa pumzi moja na Shakahola, tena na watu wasomi. Mwandishi anayetegemea viongozi wa dini kubwa kumwambia nani ni mkali atajikuta akiwatetea wengi dhidi ya wachache, na huku anaamini anafanya wema.

Kwa hiyo ukiwapima na kikundi cha waandishi: viongozi wa dini wana nguvu kubwa baada ya kitabu kutoka, na hatari kubwa kabla hakijatoka. Kikundi ni kinyume chake. Wape nakala kamili, iliyokwisha kuhaririwa, kwa heshima, wiki chache kabla ya uzinduzi. Waombe maoni kuhusu makosa ya imani na istilahi, wala si ruhusa. Pesa zao usipokee.

Kwa mada ya vijana wanaosajiliwa na al-Shabaab, chagua mashekhe kabla ya maaskofu. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, Waislamu wa kawaida walitazamwa kwa jicho baya hadi miji ya mbali kabisa na Garissa. Riwaya ya Mumias inayosimulia kijana aliyepotea inahitaji msomaji anayejua madrasa kutoka ndani, anayeweza kusema, "Hapa mwalimu wa Kurani angemkemea, asingemwitikia."

Jamii unayoiandika

Wengi hawaihesabu kama msaada. Mimi naihesabu, na kwa vitabu kuhusu walio wachache naiweka juu ya viongozi wa dini.

Chukua Waogiek wa msitu wa Mau, katika vijiji kama Nessuit na Mariashoni, Kaunti ya Nakuru. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na miongoni mwa haki zilizotajwa ilikuwa haki ya dini, kwa kuwa msitu ndio mahali pa ibada na maziko yao. Juni 2022 mahakama hiyohiyo iliagiza walipwe fidia ya jumla ya shilingi milioni 157.85. Jamii iliyokwisha kujieleza mbele ya majaji kiasi hicho haihitaji mwandishi aje kuisemea kwa kukisia. Ina wazee, ina mawakili, ina vijana waliosoma wanaoandika wenyewe. Ukienda kwao na mswada uliokwisha kuchapwa umechelewa. Ukienda na maswali, watakupa majina ya mahali, miti, maombi na makosa ya watangulizi wako, na siku mtu akikushambulia watasema, "Tulikaa naye."

Bei yake ni muda, na subira ya kukubali kwamba hadithi fulani hutaruhusiwa kuitumia. Kuna ibada zisizosimuliwa kwa mgeni. Ukikataliwa, acha.

Ugumu uko ndani ya jamii hizo. Kila kundi dogo lina walio wachache zaidi ndani yake: mwanamke aliyeondoka, mtoto aliyenyimwa chanjo, kijana asiyeamini tena. Wazee wakisema "hatutaki hilo liandikwe", huenda wanalinda heshima ya jamii, na huenda wanamfunga mdomo aliyeumizwa. Kanuni yangu ni hii: katika mambo ya ibada na utamaduni, nasikiliza wazee, katika mambo ya mtu aliyeumizwa, nasikiliza aliyeumizwa, na yeye ndiye mwenye kauli kama kisa chake kiingie au kisiingie. Hata akikubali leo, arudiwe kabla ya kuchapa, kwa sababu mtu aliyetoka karibuni katika dhehebu la kufunga watu akili bado anajifunza kusema hapana.

Fedha: mchapishaji, mfadhili mmoja, au harambee

Kuhusu wachapishaji nitasema kwa ufupi. Biashara ya vitabu Kenya hutegemea shule, na shule zinafuata idhini ya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala. Kitabu kuhusu itikadi kali za dini hakitapewa nafasi ya mbele hapo, ingawa mhariri mzuri akikipenda utapata uhariri wa maana na jina la kampuni likisimama kando ya lako ikiwa mtashtakiwa. Ukiwa na subira ya mwaka au miwili, jaribu.

Mfadhili mmoja ndiye rahisi kuliko wote na ndiye ninayemwogopa. Mwanasiasa wa kaunti atakulipia uchapaji wote leo, kisha mwaka wa uchaguzi kitabu chako kitabebwa jukwaani kumpiga mpinzani anayesali kwingine. Tajiri wa kanisa fulani atafanya vivyo hivyo kwa njia ya upole zaidi. Mashirika ya kupambana na misimamo mikali pia yana pesa, na kazi nyingi nzuri zimefanywa kwazo, lakini soma mkataba: je, wanataka hadithi, au wanataka ujumbe? Wakikupangia mwisho wa riwaya, hiyo si riwaya yako tena.

Harambee inachosha. Unawapigia watu simu, unatuma nambari ya M-Pesa, au unafungua mchango kwenye M-Changa ambapo kila mtu anaona kiasi kilichoingia, na inakubidi ueleze kitabu chako mara mia. Lakini uzuri wake ndio huo. Watu mia moja waliotoa shilingi mia tano kila mmoja ni watu mia moja wanaokijua kitabu kabla hakijatoka, na hakuna hata mmoja aliye na nguvu ya kubadilisha sura ya sita. Andika wazi kwamba anayechangia ananunua nakala mapema, basi. Weka hesabu mezani. Kama mchangaji mmoja anataka kutoa nusu ya kiasi chote, mshukuru na umwombe apunguze.

Jina lako liandikwe wapi ni suala linaloendana na hili. ISBN, nambari ya utambulisho wa kitabu, unaipata kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, iwe unachapa mwenyewe au la. Ukitaka kutumia jina la kalamu, amua kabla ya harambee kuanza, maana ukishawaambia wachangaji mia, jina la kalamu halifichi kitu.

Wakili na watetezi wa haki

Kati ya msaada wote, huu ndio unaotafutwa kwa kuchelewa kuliko mwingine. Watu humtafuta wakili barua ya madai ikishafika. Mtafute mswada ukiwa mezani, hata kama utamlipa kwa sura tatu tu zile zenye moto.

Atakuambia mambo ambayo kikundi hakiyajui. Katiba ya 2010 inakupa uhuru wa kujieleza katika Kifungu cha 33, na kifungu hichohicho kinasema uhuru huo hauingii katika uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia lazima aheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 32 kinampa hata yule unayemwona amepotoka uhuru wa kuamini. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138, cha zamani lakini bado kimo, kinachomfunga hadi mwaka mmoja anayeandika neno kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Neno zito hapo ni *makusudi*, na ndiyo sababu kumbukumbu za utafiti wako, barua ulizoandika kuomba upande wa pili, na maelezo ya wasomaji wako ni vitu vya kutunza. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inahusu chuki ya kikabila, na huku kwetu dhehebu na kabila mara nyingi ni watu walewale, kwa hiyo ukitukana kanisa unaweza kuonekana umetukana kabila.

Kashfa kama kosa la jinai Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2017. Kesi ya madai ipo palepale, na muda wa kuifungua ni miezi 12 tangu kuchapishwa. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohesabu imani ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti. Fasihi na uandishi wa habari vina msamaha wake humo, ila msamaha huo unatazama manufaa ya umma, na kumtaja fulani kwa jina kwamba bado yuko katika dhehebu fulani, bila sababu, hakuna manufaa kwa yeyote.

Watetezi wa haki ni kitu tofauti na wakili, na usiwachanganye. Wakili anausoma mswada. Mtetezi anakuja ukiwa hatarini. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Kisumu. Defenders Coalition, iliyoanzishwa 2007, husaidia watetezi walio hatarini kwa ushauri wa usalama, msaada wa kisheria na, ikilazimu, kuhamishwa kwa muda. Mwandishi anaweza kuhesabiwa miongoni mwao ikiwa kazi yake inatetea haki, lakini ni rahisi zaidi wakikujua kabla. Nenda ujitambulishe. Peleka muhtasari wa kitabu.

Na vitisho vikija, hata viwe vya kijinga: hifadhi ujumbe kama ulivyo pamoja na nambari na tarehe, nenda kituoni uandikishe, usiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila nambari hiyo, kila ofisi utakayokwenda baadaye itakurudisha kituoni.

Mashirika ya nje

PEN International, chama cha kimataifa cha waandishi, ilianzishwa London mwaka 1921, na ICORN, mtandao wa miji inayowahifadhi waandishi, una makao yake Stavanger, Norway, tangu 2006. Mji unaompokea mwandishi humhifadhi kwa kawaida miaka miwili. Ni msaada wa kweli kwa aliyefika mwisho wa njia. Lakini haufai kama chaguo la kwanza. Maombi huchukua muda, hatari yako lazima ithibitishwe kwa hati (nambari ya OB tena), na ukishaondoka, watu uliowaandika hubaki. Tena kukimbilia wageni mapema huwapa wapinzani wako maneno: "Ametumwa." Yajue majina haya, tunza hati zako, kisha fanya kazi na walio karibu.

Ningechagua vipi

Inategemea ulicho nacho mkononi.

Kama ni riwaya au mashairi ya kubuni yasiyomlenga mtu halisi, kikundi cha waandishi na harambee vinatosha, na viongozi wa dini waalikwe kwenye uzinduzi. Wakili asome sura moja au mbili. Usijitwishe mzigo wa mashirika.

Kama unaandika kuhusu jamii ya walio wachache ambayo si yako, jamii yenyewe itangulie, kabla hata ya kikundi. Baada yao, kikundi kichanganyike. Fedha za mfadhili mmoja hapa ni marufuku kabisa, kwa maana jamii itaamini, na pengine kwa haki, kwamba uliwauza.

Kama ni tawasifu yako mwenyewe, wewe uliyetoka, mpangilio unageuka. Anza na mtu wa ushauri nasaha, kabla ya mswada. Kusimulia kunafungua vidonda, na kikundi cha waandishi kinachojadili "muundo wa sura ya nne" wakati wewe unatetemeka hakikusaidii. Kisha wakili, kwa sababu wewe huwezi kuficha utambulisho wa wazazi wako ndani ya kitabu chenye jina lako. Kisha watetezi wa haki wakujue. Kikundi kije nyuma, kiwe kidogo, watu wanne unaowaamini. Viongozi wa dini waje mwisho, na ni wewe utakayeamua kama waje.

Na kama ni uchunguzi wa dhehebu lililo hai, lenye mhubiri aliye hai na watoto ndani, usifanye peke yako hata kidogo. Tafuta chumba cha habari au shirika la haki lishikane nawe tangu siku ya kwanza, wakili akae karibu, na kikundi kisione chochote mpaka mwisho. Hapo kuna jambo linalotangulia kitabu. Ukigundua mtoto ananyimwa chakula au dawa leo, piga 116, nambari ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto, na uende kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Fanya hivyo hata kama watu wa dhehebu watajua ni wewe, hata kama sura yako nzuri kuliko zote itaharibika. Kitabu kitasubiri hadi mtoto atoke.